Tupeane uzoefu: kijijini kwenu mtandao mnaupatia wapi?

Mtu wa Koboko
Salaam wakuu. Nimerudi nyumbani kwa matanga, ndani kidogo kutoka Koboko mjini, huku Uganda, na simu yangu ya Kampala imebaki tochi. Mnara nauona kwa macho, ila WhatsApp inazunguka tu. Vijana wa hapa wana jiwe lao nyuma ya shule. Jioni wanalipanda, simu juu, kila mmoja kaelekea upande wake. Ukisogea hatua mbili imekata. Mama zangu wadogo hawapandi. Wanampa mtoto simu akapakue sauti za ndugu walioko Juba, akishuka wanazisikiliza wote pamoja uani, na kila mtu anamjibu mwenye sauti kana kwamba yupo.

Kwenu mnafanyaje? Habari za mkonga wa intaneti waachieni wenye mkonga, tunataka ya kwako.

Mama Maharage, Busia
Mimi nyumba iko Uganda, laini iko Kenya. Ya ng'ambo inashika mpaka jikoni, ya huku mpaka nitoke barabarani. Mteja wa Nairobi anataka picha ya maharage kabla hajatuma hela, namtumia hapo hapo. Wanangu wanacheka, mimi nauza.

Mwalimu wa Kaabong
Niko shule ya msingi huku Karamoja. Leo nipo mjini, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa rasmi 10 Januari 2022. Tulisikia watoto wa Kampala wanasoma kwa Zoom. Wetu walikuwa machungani, na redio ya masomo ilikuwa ya mzee mmoja, betri zikiisha na somo limeisha. Wasichana wa darasa la sita wengine sikuwaona tena darasani.

Siku hizi kila kitu ni "ingia mtandaoni". Kusajili watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mkuu wetu wa shule anapanda boda na orodha ndani ya mfuko wa nailoni, anakaa foleni kwenye duka la kompyuta, anamlipa kijana aingize majina. Umeme ukienda katikati, analala mjini. Na yule kijana hajui majina ya Kikaramojong, anaandika anavyosikia. Kurekebisha ni safari nyingine.

Sasa angalieni matokeo yakitoka. Mzazi mwenye kabiriti, ile simu ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, anaandika ujumbe PLE, anaacha nafasi, anaweka namba ya mtihani ya mtoto, anatuma 6600. Jibu linarudi hata kama mtandao una mstari mmoja. Hela za simu nazo ni hivyo hivyo, unabonyeza nyota na reli (* na #), bibi wa miaka sabini anazitoa. Kwa hiyo mtu akija na programu mpya ya kusaidia wanakijiji namuuliza moja tu: kwenye kabiriti inafungua?

Mtu wa Koboko
Shikamoo mwalimu. Na kuchaji je?

Mvuvi wa Kalangala
Hapo kwenye kuchaji nipisheni. Mwaloni kwetu kuna kibanda cha sola, 500 kwa simu moja, wanakubandikia plasta yenye namba yako nyuma. Ukichelewa ziwani unakuta kimefungwa, simu imelala ndani, na mnunuzi wa mukene (dagaa) ameshampigia mwingine.

Halafu bando. Julai 2018 walituwekea kodi ya 200 kwa siku ukitaka WhatsApp na Facebook. Mwaka 2021 ikaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Ile ya kwanza watu waliikwepa kwa VPN, programu ya kuficha unakopita mtandaoni, hii unakatwa hata ukisoma bei ya samaki tu. Na Facebook ilipofungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, VPN ikarudi kazini, nayo ina njaa, bando la siku linaisha kabla ya chakula cha mchana.

Kijana wa Mbarara
Poleni wazee. Kijijini kwetu 4G inashika mpaka shambani kwenye matoke.

Mama Maharage, Busia
Na simu ya 4G hapo kijijini anayo nani?

Kijana wa Mbarara
Mimi. Na mtu wa boda. Na mwenye duka, ila ya kwake kioo kimepasuka.