Miaka saba sijagusa nta ya batiki, nianzie wapi upya na ratiba hii ya Dodoma?

Mama wa Ilazo

Habari za jumapili wakuu, mnisamehe uzi utakuwa mrefu kidogo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Tangazo la serikali kuhamia Dodoma lilitoka 2016, sisi ofisini kwetu zamu ikafika 2018, nikaja na mabegi matatu na mtoto mgongoni. Ofisi ipo Mtumba, naishi Ilazo, kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri nipo macho, saa kumi na mbili nipo kituoni nagombania daladala, narudi giza limeshaingia, kupika, homuweki za watoto, kulala. Jumamosi kufua, jumapili kanisani, kesho yake tena vilevile.

Kabla ya hapo nikiwa Dar nilikuwa natengeneza batiki na shangazi yangu uwani kwake Mbagala, tangu nipo kidato cha pili. Nilikuwa naota dizaini, yani naota kabisa usingizini, nikiamka nachora nyuma ya daftari la hesabu kabla haijapotea. Sasa juzi mwanangu wa la tatu kaniletea daftari akasema mama nichoree ng'ombe. Nimeshika penseli mkono umegoma. Nikachora kitu kama meza yenye pembe. Mtoto kacheka, na mimi nikacheka, ila usiku usingizi haukuja.

Kuacha kazi siwezi, ada nani atalipa. Biashara nayo sio shida yangu saivi, labda baadae huko. Nataka tu nirudi kuwa mtu ambaye kichwani mwake kuna kitu kipya kinachemka. Sasa muda ndo huo mnaouona, maji kwetu ni ya mgao, kwa wiki yanatoka siku mbili, na mnajua batiki inavyokunywa maji, alafu kuna kasauti kananiambia we mama mzima na nta za nini. Mume anasema fanya tu, ila hasemi lini, na watoto atakaa nao nani.

Mliowahi kurudia kitu mlichokiacha, mlianzaje? Pm za mapenzi sitaki.

nta_moto

Dada karibu chamani, mimi ndo kazi yangu hii, nipo Chang'ombe ya hapahapa Dodoma.

Kwanza acha kuwaza jora zima. Kata kipande cha pamba tupu mita moja, kisiwe na nailoni hata kidogo mana rangi haitashika, kichemshe na sabuni kitoe wanga wa kiwandani. Hapo umemaliza siku ya kwanza. Wiki ijayo unapiga nta pale usipotaka rangi ishike. Wiki inayofuata rangi. Nani kakwambia lazima kazi iishe siku moja? Shangazi yako alikuwa na oda za watu, we huna oda ya mtu. Kitambaa chenye nta kinaweza kukaa hata mwezi, we kikunje taratibu tu kisipasuke sana, na kikipasuka ndo zile nyufa watu wanazipenda. Ukitaka nta isipasuke ovyo changanya ya mshumaa na ya nyuki, ya nyuki inalainisha, muulize anayeuza asali ya Manyoni kama anayo, mara nyingi anayo na hajui amuuzie nani.

Maji: kweli ya hapa yana chumvi, mimi rangi zilikuwa zinatoka zimefifia nikadhani nimeuziwa feki, kumbe ni maji. Masika nakinga ya bati kwenye pipa nayatunza kwa ajili ya kuchanganyia rangi tu, ya kusuuzia natumia ya bomba. Mita moja ndoo tatu zinakutosha kabisa. Alafu Dodoma ina faida yake, jua na upepo wa huku kitambaa kinakauka unakiangalia. Ila usianike saa nane mchana, vumbi litakuchorea dizaini yake lenyewe.

Kitu kimoja nakuomba sana kwa sababu una watoto. Kostiki, ile soda kali ya kuchanganyia rangi, inaunguza. Unaitia kostiki kwenye maji, usije ukamwagia maji juu ya kostiki, inachemka na kuruka usoni. Glavu vaa, watoto waende kwa jirani. Zile picha za mtandaoni za mama anachovya rangi mkono mtupu huku kabeba mtoto zinanikera kweli.

Jirani wa Sabasaba

Ntaharibu hali ya hewa kidogo. Hizi habari za fuata ndoto yako zimewatia watu umaskini. Mimi 2019 niliacha kazi nikaingia kwenye juisi ya zabibu, nikajiambia zabibu zipo hapa, mji unakua, watu wanahamia, nakosaje? Kumbe zabibu zinaiva kwa mpigo, ukiwa huna jokofu la maana siku tatu nyingi, chupa zinatoka mbali kwa bei ya kuumiza, vibali havijakamilika na mkopo unahesabu tarehe. Nilikuja kuuza pikipiki. Mke wangu mpaka leo akiona zabibu sokoni Majengo anageuza uso.

Kwa hiyo dada aliposema haachi kazi nimempigia makofi. Msije mkamjaza upepo huku chini.

Ila nikiwa mkweli, katika ule mwaka mbovu kuna asubuhi nilikuwa naamka saa tisa kujaribu vipimo vya sukari jikoni, peke yangu, na sijawahi kuwa na raha ile tena. Kosa langu nilikipeleka benki kile kitu kabla hakijajua kutembea.

mkulima_mpunguzi

Mama Ilazo habari. Nimesoma na miwani, vijana mnaandika ndefu.

Mimi nalima zabibu, navuna mara mbili kwa mwaka, moja ya kiangazi na nyingine ya mvua, hiyo ya mvua inasumbua kwa ukungu. Watu wa mjini wakija shambani wanashangaa wakikuta nimeufyeka mzabibu umebaki vijiti, wanadhani nimekasirika. Usipoukata unakupa majani mazuri tu, kijani, kivuli safi, matunda utayatafuta. Huu sio mfano wa mchungaji, nakuuliza swali la shamba: wewe utakata nini? Maana umetaja unachotaka kuongeza, hujataja cha kupunguza. Una magrupu mangapi ya wasap? Vikoba vingapi? Sherehe ngapi umechangia mwezi huu ukaenda na kukaa mpaka saa sita? Binti yangu ni mwalimu, alikuwa analia hana muda, tukahesabu pamoja, alikuwa kamati nne za harusi.

Na huyo mume mpe siku yenye jina. Sio "siku moja moja". Mwambie jumamosi saa mbili mpaka saa tano watoto ni wako. Wanaume tukipewa saa tunaelewa, tukiambiwa nisaidie hatuelewi.

kalamu ya mtaani

Shikamoo mzee hapo juu, kamati nne za harusi nimecheka peke yangu lekcha UDOM watu wakageuka.

Dada mimi nachora, nilikwama kama wewe mwaka mzima. Kilichonitoa ni upumbavu tu, nilijiwekea kuchora kitu kimoja kila siku nikiwa kwenye daladala, kwenye daftari la mia tano ambalo siwezi kulionea huruma. Kisogo cha konda, ndoo ya mama, kuku kwenye tenga. Gari linaruka tuta mstari unaenda kuzimu, unaacha hivyohivyo. Wewe Ilazo mpaka Mtumba na kurudi una muda kuliko mimi, ukipata siti lakini. Ukiwa umesimama angalia tu, chagua umbo moja uliweke kichwani ulichore lanchi. Mimi sipendi ule ushauri wa kusubiri mpaka mood ije, mood ya nani saa kumi na mbili asubuhi.

Mrangi halisi

Mnaongea yote hayo na hamna aliyemtajia Kolo? Watu wa Dodoma bwana. Dada pandisha Kondoa, barabara saivi lami, endelea mbele njia ya Babati mpaka Kolo, unajiandikisha pale ofisini unapewa mtu wa kukuongoza mnapanda mlimani kwa miguu. Kuna michoro ya mwambani ya rangi nyekundu, wanyama, watu wembamba warefu wana nywele za ajabu, UNESCO wameiweka urithi wa dunia tangu 2006. Kwetu utotoni tulikuwa tunaona kawaida tu, nilivyokuwa mtu mzima nikasimama mbele ya ule mwamba nusu saa sina la kusema. Kwa mtu wa batiki ni darasa, mana mtu kachora mnyama mzima kwa mistari michache na unamjua ni nani. Beba maji, beba watoto, sio wa chini ya miaka mitano utambeba mgongoni mpaka juu.

Mama wa Ilazo

MREJESHO, wiki ya nne leo.

Asanteni nyote, hata wewe jirani wa Sabasaba, poleni na pikipiki. Magrupu nimetoka sita, moja ni la ukoo, nimesemwa mpaka Iringa. Jumamosi saa mbili mpaka tano imepita mara tatu kati ya nne, ile moja mume aliitwa kazini. Kolo bado, tunangoja shule zifungwe.

Kitambaa cha kwanza kimetoka vibaya, niseme tu ukweli, bluu imekaa mabakamabaka na upande mmoja nta haikupenya. Ila nilipokitoa kwenye rangi, mnajua kile kipindi kinatoka kijani cha ajabu alafu upepo ukikipiga kinageuka bluu mbele ya macho yako, nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia ukutani. Nilikuwa nimesahau kuhusu kile kitu. Mwanangu akaniambia nimkatie muhuri wa sponji wa ile meza yenye pembe, nikakata, saivi tuna mita moja ya meza zinazotembea na ameuliza kama tunaweza kushona shati.

Swali la mwisho kwa nta_moto, nilichemshia kutoa nta kwenye sufuria langu la maharage, nimelisugua na majivu, sabuni, maji ya moto, na bado maharage yananukia mshumaa. Natoaje?

nta_moto

Hutoi dada. Hilo limeshakuwa sufuria la nta, nunua lingine la maharage.