Michezo ya chesi ya mjomba kwenye faili la PGN: inagoma ikifika Sf3

Mwana_Ngamiani
Wakuu, za jioni. Niko Tanga, Ngamiani barabara ya 12. Mjomba wangu alisomea ufundi wa mitambo Ujerumani Mashariki miaka ya sabini, akarudi na daftari la jalada gumu lenye michezo 58 ya chesi. Mingi aliicheza hosteli huko, michache hapa nyumbani na wenzake. Wino unafifia, kurasa za mwisho zimeshikana kwa unyevu, naye macho yamechoka. Nikasema niichape yote, nimtumie na binamu yangu Dar aifungue kwenye programu yake.

Nimeshachapa 41 kwa simu, nikiwa kibandani nasubiri wateja. Mzee aliandika kwa kirefu, Sg1-f3, yaani kete imetoka mraba wa g1 kwenda f3, mimi nikafupisha kuwa Sf3 kuokoa vidole. Mchezo mmoja ni huu:

[Site “Leipzig”]
[Date “14.3.1978”]
[Result “½-½”]
1. E4 e5 2. Sf3 Sc6 3. Lb5 a6 4. La4 Sf6 5. 0-0 Le7 6. Te1 b5 7. Lb3 d6 8. C3 0-0 9. H3

Programu ya laptopu ilikataa tangu mwanzo. Nilipobadilisha E4 kuwa e4 ikacheza hatua moja, kisha ikagoma kwenye Sf3. Ya binamu hata haioni kama kuna mchezo humo. Kosa liko kwenye programu au kwangu?

kete_nyeusi
Programu hazina kosa, mkuu. Hizo ni herufi za Kijerumani. S ni Springer, farasi. L ni Läufer, askofu. T ni Turm, ngome. D ni Dame, malkia. PGN, utaratibu ulioandaliwa na Steven J. Edwards mwaka 1993 ili programu zibadilishane michezo, unatumia herufi za Kiingereza: N, B, R, Q. Mfalme ni K kote kuwili, ndiyo maana hatakusumbua. Askari hana herufi, ndiyo maana e4 ilipita.

Kwa hiyo badilisha S iwe N, L iwe B, T iwe R, D iwe Q. Ila usibonyeze "badilisha zote" kwenye faili zima! Mimi niliwahi kufanya hivyo, Leipzig ikawa Beipzig na Tanga ikawa Ranga. Gusa mistari ya hatua tu, mistari yenye mabano ya mraba iache.

Tena, mfalme anapojificha kwa ngome, PGN inataka herufi kubwa O, yaani O-O, si sifuri. Programu nyingine husamehe, nyingine hazisamehi.

Dada_wa_Raskazone
Kabla hujabadilisha chochote, kaka, angalia C3 na H3. Hiyo ni simu yako. Kila ikiona nukta inadhani sentensi imeanza, inaweka herufi kubwa. Alama za kunukuu nazo imezipinda. PGN inataka zile zilizonyooka. ½ ni hivyo hivyo, iandike 1/2-1/2, na matokeo hayo yarudie mwisho wa hatua. Tarehe huanza na mwaka: 1978.03.14. Siku usipoijua, weka 1978.03.??.

C3 na H3 hazinitishi, maana programu itagoma nawe utaziona. Ninachoogopa ni askari anayekula. Tuseme hatua ya 12 ni bxc3, yaani askari wa safu ya b kala kete iliyoko c3, simu ikaandika Bxc3. Kwa Kijerumani chako askofu ni L, basi kila B kubwa iliyomo ni askari tu. Zirudishe zote ziwe b ndogo KWANZA, ndipo L iwe B. Ukitangulia L, askari na askofu watachanganyika na hutawatenganisha tena.

D ndiyo mbaya kuliko zote. Dxe5 ni malkia amekula, au ni askari wa d aliyepandishwa cheo na simu? Malkia akiwa na njia ya kufika e5, programu itakubali bila kunung'unika, na kuanzia hapo utakuwa na mchezo ambao mjomba hakuucheza. Hapo rudi daftarini. Ashukuriwe aliyeandika kwa kirefu: d4xe5 ni askari, Dd4xe5 ni malkia.

Na ulipofupisha, je, uliangalia farasi wawili wanaoweza kwenda mraba mmoja? Sb1-d2 ikiwa Sd2, na farasi wa f3 naye anafika d2, programu haijui nani kaenda. Andika Nbd2.

Mwana_Ngamiani
Ahsante sana dada, na wewe mkuu. Nimekesha siku tatu. Nimezima herufi kubwa za simu, B nikaanza nazo kama ulivyosema. Dxe5 na ndugu zake zilikuwa 19. Daftari lilionyesha 13 ni askari! Mchezo wa 31 ukurasa umechanika hapo hapo, nikampangia mjomba ubao barazani. Akautazama, akasema, "Askari. Malkia angekwenda pale angeliwa na farasi, we vipi?" Na kweli, farasi yupo c6.

Binamu kafungua michezo yote 41. Nikamchapishia mjomba karatasi za maandishi makubwa, nikidhani nimemaliza. Kasoma mstari wa kwanza, kavua miwani. "Hii N ndiyo nini? Nyani?"

kete_nyeusi
😂 Mwambie kwa Kiingereza farasi ni Knight, angekuwa K, ila mfalme (King) aliiwahi. Usiliguse faili. Tafuta kwenye mipangilio ya programu, nyingi zinaruhusu kuonyesha vipicha vya kete badala ya herufi. Chapisha kwa vipicha. Ndani ya faili N inabaki N.

Mwana_Ngamiani
Nimeipata. Kesho nampelekea zenye vipicha. Bado 17, na hizo anataka kunisomea mwenyewe kwa mdomo, kwa Kijerumani.