Flashi haifutiki wala haifomatiki, halafu muuzaji anataka niiache dukani na NIDA za wakulima ndani!

Wadau, nina hasira. Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Kabla minada ya korosho haijaanza nilishuka Mtwara mjini nikanunua flashi ya GB 32, mpya kabisa, risiti ninayo. Nikaweka humo majina ya wakulima, namba za NIDA (vitambulisho vya taifa), akaunti za benki na kilo za kila mmoja. Sasa imegoma. Unafuta faili, linatoweka. Chomoa, chomeka tena, limerudi palepale. Kufomati ndiyo kabisa, kompyuta inajibu kwamba diski imezuiwa kuandikwa.

Msiniambie nijaribu diskpart, ile programu ya Windows ya kurekebisha diski kwa amri, nimeshajaribu. Nimechagua diski yenyewe, nikaandika "attributes disk clear readonly", ikakubali. Nikaandika "clean", ikakataa. Nikaandika "attributes disk" kuangalia hali: "Read-only" (kusoma tu) inasema No, ila "Current Read-only State" inasema Yes. Yaani zuio haliko kwenye Windows, liko ndani ya flashi. Swichi ya kufungia ubavuni haina. Kwenye mashine ya Linux, yaleyale. Memori ikishaharibika, chipu inayoiongoza huweza kujifunga: kusoma ruksa, kuandika basi.

Muuzaji ananiambia, "Dada, hivyo ni virusi, lete elfu tano nikufomatie." Majibu ya kompyuta hakutaka hata kuyaangalia. Nilipokaza ndipo akasema atanipa nyingine, ila hii niiache kwake.

Niiache vipi wakati kila kitu kinasomeka? Atakayeichomeka ana NIDA na akaunti za wazee wa watu walionikabidhi kwa kuniamini. Kufuta siwezi. Kuweka nywila siwezi, maana hata hilo ni kuandika. Kilichobaki ni kuiponda chipu ya memori kwa nyundo, na yeye anasema ikipondwa hanilipi.

Sikubali! Aandike namba ya flashi kwenye risiti, aijaribu mwenyewe mbele yangu, anirudishie hela, kisha tuivunje palepale kaunta. Kuuza kitu kibovu na kudai siri za wateja juu yake ni dhuluma.

Aliyewahi kurudishiwa hela kwa flashi ya namna hii, Mtwara, Masasi au Lindi, aseme hapa walikubaliana vipi. Na nyie mlioziacha madukani zikiwa zimegoma hivi, mjue mafaili yenu bado yamo. Zifuateni.