Naomba ushauri: kihisi cha joto kitakachostahimili moto wa tabaini

Assalaam alaykum, ndugu wanachama. Mimi ni fundi wa Mwanakwerekwe, Unguja, na pamoja na vijana wawili ninaowafundisha nimeunda tabaini ndogo ya gesi (injini ambayo gesi moto huzungusha gurudumu lenye mapanga) kutokana na tabochaja ya lori, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, nayo inachoma mafuta ya taa. Mashine inawaka vizuri. Kinachotushinda ni kupima joto la gesi pale inapoingia kwenye gurudumu la tabaini.

Tulianza na themokapo (kihisi cha waya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo hutoa umeme kidogo kulingana na joto) ya aina ya K, ambayo kwa maandishi hufika takriban nyuzi 1,260 za Selsiasi, lakini baada ya saa chache kipimo chake kilianza kupotoka, na moja ikakatika nchani. Nafahamu kwamba waya zake za nikeli huliwa na oksijeni joto linapokuwa kali, na kwamba unga wa magnesi oksaidi unaotenganisha waya hizo ndani ya ganda lao la chuma hunyonya unyevu, jambo ambalo kwa hewa yetu ya pwani, hasa wakati wa masika, si dogo. Vijana wanalaumu mtetemeko. Mimi bado nalaumu unyevu.

Je, nihamie aina ya N, ambayo hutulia zaidi kwenye joto la juu, au nijikaze kununua aina ya S, ya platinamu na rodiamu, ambayo bei yake inatisha? Na mdomo wa ganda niuzibe kwa kitu gani? Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mkono wake naomba anieleze, hata kama alichonacho ni kosa alilolifanya.