Naomba ushauri: uwanja wa gofu wa zamani unataka kugeuzwa maghorofa

Habari zenu wakuu. Mtaani kwetu hapa Nairobi kuna uwanja wa gofu wa tangu enzi za mkoloni. Juzi limesimamishwa bango langoni: yanakuja maghorofa na maduka.

Wengi wetu hata fimbo ya gofu hatujawahi kushika, na utotoni askari wa klabu alikuwa akitutimua uani. Lakini masika ikikolea, maji ya mtaa mzima huishia pale, kwenye bonde la shimo la saba. Wakimwaga zege, yatahamia sebuleni kwetu. Bado makedi waliosomesha watoto kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, hao hakuna anayewataja.

Najua NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, haiwezi kutoa leseni bila tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi tuna haki ya kutoa maoni. Leseni ikitoka, kuna siku 60 za kukata rufaa. Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 nayo inaturuhusu kwenda kortini bila kuonyesha hasara.

Ninapokwama ni hapa: je, uwanja unaweza kutangazwa turathi chini ya sheria ya makavazi ya 2006, ilhali wanachama wa klabu wenyewe wamegawanyika? Na tusajili chama cha wakazi kwanza, au kila mtu aandike pingamizi lake? Wengine wanataka tukusanye sahihi tu. Mimi naona hiyo haitoshi.

Aliyepitia haya anijuze. Na kama unamjua wakili wa mazingira asiyekamua watu, tafadhali nielekeze.