Picha za watoto wa Ogiek wakicheza: ruhusa itoke kwa nani?

Mleta mada, Njoro
Wapiga picha wanaopanda Nessuit na Mariashoni, kwa Ogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau hapa Kenya, huwafuata sana watoto wanaocheza. Mimi nasema mzazi asipoketishwa na kuelezwa picha inakwenda wapi, isipigwe. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi, tena kwa manufaa ya mtoto. Mwaka 2023 shule moja Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuanika picha za wanafunzi bila idhini. Mbona mgeni aliyefika Mau na kamera asiulizwe?

Mpiga picha, Nakuru mjini
Ndugu, soma na kifungu cha 52. Kazi ya habari na sanaa yenye manufaa kwa umma imepewa nafasi yake. Halafu kumbuka Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Arusha iliposema Serikali imevunja haki za Ogiek kwa kuwafurusha Mau. Picha ya watoto wakicheza pale ni ushahidi kwamba watu wana makao, si wavamizi. Mkizuia kamera, nani ataona wakifukuzwa tena?

Mwalimu, Mariashoni
Ushahidi upi, ndugu yangu? Nimewaona wageni wakifanya kazi hiyo. Watoto wako kwenye kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, au brikicho ya kujificha na kutafutana, wamechangamka, kamera inatokea, mchezo unakufa. Wanaambiwa warudie. Mwenye shati lililochanika anaitwa mbele, aliyevaa sare safi anasogezwa pembeni. Mpira wa dukani unawekwa kando, unatafutwa ule wa makaratasi. Hapo hakuna mchezo tena, watoto wanafanyishwa kazi ya kuigiza umaskini. Wanaocheza vizuri kuliko wote hawaonekani popote, na hilo linaniuma.

Mama, Nessuit
Mimi sikatai picha. Nataka niione kabla haijaenda, na nakala ibaki kwetu. Jina la mtoto na la kijiji yasiandikwe.

Mleta mada, Njoro
Mpiga picha, hoja yako ya kufukuzwa ni nzito, siipuuzi. Lakini mahakama hiyohiyo ilisema haki ya Ogiek ya utamaduni wao ilivunjwa pia, na mimi naona michezo ya watoto imo humo. Basi jibu ombi la mama: utakubali wazee na wazazi wazitazame picha zako barazani kabla ya maonyesho, na ile watakayoikataa uifute?