Bakuli la Kijapani linatoa unyevu chini, limepasuka?

Mikindani_Pwani: Habari za jioni wadau. Rafiki yangu Mjapani aliyekuwa akifanya kazi hapa Mtwara ameniachia bakuli la Hagi (aina ya vyombo vya udongo vya Japani), lile la kukorogea chai ya unga ya kijani. Ndani lina nyufa nyembamba kama nywele. Nikitia chai, baada ya muda kitambaa chini kinalowa. Limeharibika? Ni zawadi ya kuagana, naliogopea.

Bi Mfinyanzi, Newala: Mwanangu, ligonge kwa ukucha pembeni. Likitoa sauti moja safi, hata ikiwa nzito, ni zima. Likitoa sauti ya kukwaruza, lina ufa.

Naamini ni zima. Udongo wa Hagi haukazi sana motoni, unabaki na matundu madogo. Hizo nyufa ni za ule mng'aro wa juu, lile tabaka kama kioo lililofunika udongo: bakuli likipoa, mng'aro hunywea kuliko udongo, unachanika. Chai hupenya humo na rangi ya bakuli hubadilika kadiri linavyotumika. Wajapani wanalithamini kwa hilo hilo, kwa hiyo usilisugue liwe jeupe!

Kabla ya chai liloweke kwenye maji ya uvuguvugu. Ukimaliza, maji matupu, sabuni hapana. Udongo huu utainywa na chai itanuka sabuni. Halafu likauke kabisa kabla ya kuingia kabatini. Huko pwani kwenu, masika haya, litaota ukungu.

Kijana wa Lindi: Shikamoo Bi. Ni kweli mabakuli mengine ya chai ya Kijapani hayafinyangwi kwa gurudumu?

Bi Mfinyanzi, Newala: Marahaba. Kweli, ya Raku, aina nyingine ya Kijapani. Chojiro wa Kyoto aliyafinyanga kwa mikono karne ya 16, kwa ajili ya Sen no Rikyu (1522–1591), bingwa wao wa chai. Sisi akina mama wa Kimakonde nasi tunafinyanga kwa mikono, ndiyo maana kazi ile naipenda mno. Ila Raku jeusi hutolewa tanurini kwa koleo likiwa bado linawaka!

Mikindani_Pwani: Shikamoo Bi. Nimeligonga, sauti ni safi. Na ule unyevu?

Bi Mfinyanzi, Newala: Marahaba mwanangu. Lichemshe kwa maji ya kuoshea mchele, wanga uzibe matundu. Anza na maji baridi, moto mdogo, lipoe humo humo sufuriani. Tandika kitambaa chini lisigonge chuma. Na kahawa usilitilie, harufu yake haitoki.